Mzinga wa Ukoo Mwingine

Pikipiki ilifika kwa Maundu kabla ya petroli yake. Lori la mchanga liliishusha kwenye barabara ya lami, na kutoka hapo mwenyewe akaisukuma mpaka Kivaa, kilima kwa kilima, shati limemng'ang'ania mgongoni. Kina mama waliokuwa wakienda kutafuta maji walimpisha kwa heshima. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba labda za siku hizi huendeshwa hivyo.

Kiti bado kilikuwa na nailoni ya dukani. Maundu alikuwa ameapa haitoki.

Mkewe, Kalunde, alikuwa chini ya mkwaju mkubwa wa boma lao, ameketi kwenye gunia, anachambua ukwaju. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umeanza, na Asli, mwenye duka kule Tala lililouza kila kitu mpaka pikipiki, alikuwa amepiga simu kuuliza kama ukwaju umeanguka au umeamua kubaki juu. Kalunde aliinua macho, akaitazama ile pikipiki nyekundu, akamtazama mumewe, akarudi kwa pikipiki.

"Baba Mumbe, hiyo ni ya nani?"

"Si ni yetu."

"Imekufa?"

"Haijakufa. Haijakula."

Kalunde akapasua ganda lingine la ukwaju. "Umeuza nini?"

"Kwani lazima mtu awe ameuza?"

"Mbuzi nimewatoa asubuhi, wako wote. Mabati iko juu ya nyumba. Mimi mwenyewe niko hapa. Umeuza nini?"

Macho ya Maundu ndiyo yaliyomsaliti: yalipanda taratibu kwenye shina, yakapita matawi, yakapotelea huko juu kwenye majani. Kalunde naye akayafuata mpaka yalipofika, na kiganja chake kikabaki wazi, mbegu zikidondoka moja moja.

Mti huo watu wa Kivaa waliuita kwa jina lake la Kikamba, Kithumula, kana kwamba mikwaju mingine yote duniani ilikuwa wanafunzi na huu ndio mwalimu mkuu. Kulikumbatia shina lake kulihitaji watu watano, na iwe watu watano wasiochukiana. Nani aliupanda? Wazee walisema waliukuta, na wazee wao waliukuta, na hapo ndipo elimu ya Kivaa ilipoishia. Mwaka huo wa 2009, bwawa la Masinga lilipokuwa limekauka mpaka watu wakavuka kwa miguu mahali walipozoea kuvua samaki, Kithumula kilizaa. Mahindi yalikataa, kunde zikakataa, mbaazi zikajaribu kidogo zikaona aibu. Kithumula kikazaa.

"Umeuzia nani?"

"Mburu. Yule wa makaa, wa Matuu. Amenipa ya kwanza, nikaweka kwa pikipiki. Ingine atanipa akishaangusha."

"Na hukuniuliza."

"Nikikuuliza ungekataa."

"Kumbe unanijua."

Maundu akaegemeza pikipiki kwenye shina la mti uleule, maana hapakuwa na pengine penye kivuli, na nailoni haipendi jua. Alikuwa mtu wa kuhangaika tangu kiwanda kimoja cha Athi River kilipompa likizo isiyokuwa na tarehe ya kurudi. Akikaa, goti lilicheza. Akisimama, alitembea. Alikuwa amekarabati banda la mbuzi mara nyingi hata mbuzi wenyewe wakawa hawajui mlango uko wapi.

"Boda boda ndiyo kazi saa hii, Mama Mumbe. Pale Tala vijana wanatengeneza pesa wakiwa wamekaa. Ukwaju ni gunia ngapi?"

"Ni gunia zenye zinatulisha mwaka mahindi ikikataa. Kama huu."

"Mwaka ujao itanyesha. Redio imesema."

"Hata mwaka jana redio ilisema," alijibu Kalunde. "Na yenyewe haikulala njaa."

*

Mburu alikuja kukagua mali yake kesho yake, na bahati mbaya au nzuri akamkuta Wacuka.

Wacuka alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti za kijeshi, aliyefanya kazi ya utafiti wa miti. Kila kiangazi na kila masika alikuja Kivaa na tepu yake ndefu, akakizungusha Kithumula kama fundi anayempima mtu suti, akaandika, akanywa uji wa ukwaju kwa Kalunde, akaenda. Alikuwa amepigilia kibati kidogo chenye namba kwenye shina. Siku hiyo alikuwa na kekee nyembamba ya mkono iliyotoa ndani ya mti kijiti kama mrija, na alikuwa akikipuliza vumbi kwa upole wa mtu anayempulizia mtoto jicho.

Mburu alipolisikia jina la Wacuka, la Kikikuyu kama lake, alichangamka, akamsemesha Kikikuyu. Wacuka akamjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Napima vile umekaa kwa hii kiangazi. Miti mingi ya hapa imeangusha majani, mingine imekufa kabisa. Huu umezaa. Nataka kujua umewezaje. Mbegu zake nimepanda, naangalia kama watoto wamerithi."

"Sasa si nikishaukata utahesabu hizo mistari za ndani?" Mburu alisema kwa ukarimu. "Kisiki nakuachia. Bure."

"Ukichinja kuku, unaona viini vyote vimepangana tumboni, kutoka kikubwa mpaka kidogo. Umehesabu vizuri kabisa. Halafu kesho unakula yai la nani?"

Kalunde alicheka. Maundu hakucheka, alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

"Kisiki kitaniambia vile umeishi," Wacuka akaendelea. "Lakini mvua ikija baada ya kiangazi kama hii, mti mzee kama huu unafanya nini? Hilo swali kisiki hakijibu. Na mwingine wa umri huu sijaona toka hapa mpaka Yatta. Mmeshachoma."

Mburu hakukasirika. Alikuwa mtu aliyezoea kuambiwa amechoma. "Profesa, maneno yako ni matamu. Unanunua?"

Wacuka akakunja tepu. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyochukua tepu kukunjwa.

"Mradi hauna pesa ya kununua mti."

"Basi wacha mwenye pesa aongee."

Akatoa panga, akaligonga shina kwa mgongo wa panga, sikio amelitega. Akazunguka, akagonga tena. Mlio ukatoka ndani kama wa mtungi. Uso wa Mburu ukapata huzuni ya kibiashara.

"Kijana, huu uko na shimo."

Maundu na Mburu walilingana mvi. Hata hivyo, Maundu aliitika. "Shimo kidogo tu."

"Mimi nilinunua mti, sikununua pango. Hiyo yenye imebaki tutaongea upya."

"Lakini tulikubaliana..."

"Tulikubaliana mti mzima. Hii ni gunia ngapi imepotea hapa ndani? Ama nikuachie mti, unirudishie yangu leo?"

Maundu akatazama pikipiki yake. Nayo, ikiwa na nailoni yake, haikumsaidia kwa lolote. "Wewe kata tu," akasema, na sauti yake ikawa ndogo mbele ya mkewe, jambo ambalo mwanamume hulikumbuka kuliko kofi.

Walikubaliana Mburu arudi lori lake, Canter, likitoka kwa fundi, wiki iliyofuata, na mtu wa msumeno wa injini.

Wacuka alipokuwa akifunga mkoba alionyesha tawi kubwa la juu lililolala kuelekea mtoni. "Hizi makovu kama pete, moja juu ya nyingine, ni za nini? Gome limeziba za chini kabisa."

"Ni kamba za mizinga," Maundu alisema. "Zamani."

"Za nani?"

"Za watu."

Akaenda zake kwa mbuzi. Lakini Kalunde lilimkaa neno moja: mizinga.

*

Kaka yake Kalunde, Urbanus, aliishi ng'ambo ya kilima. Alikuwa mrina asali aliyeumwa na nyuki mara nyingi hata yeye na nyuki hawakuwa tena na la kuambiana. Kalunde alimkuta akikwangua gogo lililochimbwa katikati, mzinga mpya.

"Dada! Umefukuzwa ama umetoroka?"

"Nimekuja kuomba mzinga."

Akamweleza. Urbanus alisikiliza akicheka mpaka mwisho, kisha akawa hacheki, maana alielewa anaombwa nini.

Kwao, mti ni wa mwenye shamba lakini mzinga ni wa aliyeutundika. Mti wenye mzinga wenye nyuki haukatwi mpaka mwenye mzinga aje aushushe kwa mkono wake. Alama ya ukoo huchomwa kwa chuma cha moto kwenye ubavu wa mzinga, na atakayeugusa asiye wa alama hiyo atatoa mbuzi, ataapishwa, na jina la mwizi wa asali litawafuata wanawe mpaka kwenye harusi zao.

"Nikichoma alama ya kina Maundu, atashusha yeye mwenyewe asubuhi," Urbanus alisema. "Ni wa ukoo wake."

"Choma yetu."

"Kalunde. Hiyo ni kujengea mwanaume boma la wakwe juu ya kichwa."

"Najua."

"Na mwanamke hatundiki mzinga."

"Wewe utatundika. Mimi nitavuta kamba. Kuvuta kamba hakuna mtu alikataza, si ng'ombe tunavuta?"

Urbanus akaugeuza mzinga magotini. "Na nyuki utavuta na nini? Huoni kiangazi? Nyuki wamehama wote, wameenda Embu kutafuta kazi."

"Migunga ikichanua watarudi."

"Na Mburu akirudi mbele yao?"

Kalunde alipiga magoti akapuliza moto wa kuchomea chuma.

Waliutundika asubuhi Maundu alipokwenda Tala kujifunza kuendesha. Urbanus aliusugua ndani kwa nta na majani ya kunukia, akaufukiza moshi, akapanda. Chini Kalunde alivuta kamba mpaka mikono ikachubuka, na gogo likapaa likiyumba, na alama ya baba yake, mistari miwili na nukta katikati, ikapita usoni pake ikienda juu.

*

Maundu alirudi jioni akiendesha kweli, ila goti moja lilikuwa limeacha ngozi yake Tala. Alizima injini kwa fahari. Ndipo alipoinua kichwa.

"Ni nini hiyo?"

"Mzinga."

"Naona ni mzinga. Ni wa nani?"

"Si uko na macho."

Aliikodolea alama. Akarudi nyuma hatua, kana kwamba kwa mbali ingekuwa nyingine. "Watu wa Urbanus. Juu ya mti yangu."

"Ni watu wangu pia."

"Wewe uliolewa hapa ama ulitumwa?"

Hilo lilimwingia Kalunde, nalo halikutoka upande wa pili. Aliinama akachukua ungo. "Niliolewa hapa. Ndiyo maana sitaki hapa pabaki jangwa. Kama ningetumwa, ningechukua yangu nikaenda."

Maundu alileta ngazi. Aliisimamisha, akapanda, akanyoosha mkono kuelekea kamba, akaurudisha kama aliyegusa sufuria motoni. Akashuka. Akaichukua ngazi. Akairudisha tena. Mwishowe akailaza chini akaipiga teke, na ngazi ikamwonyesha kwamba goti lile bado lilikuwa bichi.

"Mzinga bila nyuki ni gogo tu," alisema akichechemea. "Na gogo haina ukoo."

"Basi tungoje."

Wakangoja. Hapajawahi kuwa na boma lenye shingo zilizochoka hivyo. Kalunde akichota maji, macho juu. Maundu akila, macho juu, kijiko kikigonga pua. Usiku hawakusemezana, asubuhi walikutana chini ya mti, kila mmoja akijifanya amefuata mbuzi. Inzi mkubwa alipopita karibu na tundu la mzinga, mke alishika kifua na mume akatukana. Inzi akaenda zake bila kujua aliwafanya nini.

Maundu alianza tabia ya kuwasha pikipiki na kuizungusha boma bila sababu, akiinguruma chini ya mzinga. Alisema anaifanyia mazoezi. Petroli iliisha, akaendelea kuisukuma.

Nyuki hawakuja.

*

Canter ilikuja na vumbi lake. Mburu alishuka upande mmoja, na upande wa pili akashuka Musembi, mwenye msumeno, Mkamba wa Yatta mwenye mabega ya mlango. Urbanus naye alikuwa amefika mapema, ameketi juu ya jiwe na kifukizo chake cha moshi kana kwamba amealikwa.

Musembi alishika kamba ya kuwashia msumeno, akatazama juu apime tawi litaangukia wapi. Mkono ukaacha kamba.

"Bosi, kuko na mzinga."

"Shusha."

"Sio wangu."

"Kama ungekuwa wako singekulipa. Shusha!"

"Bosi, hujaelewa. Hiyo alama sio ya hii boma. Mimi niko na watoto, hawajaoa." Akawageukia wenyeji. "Uko na nyuki?"

"Uko nao," alisema Kalunde.

"Wengi," alisema Urbanus, ambaye dini yake ilikuwa inapumzika siku hiyo.

"Hauna!" Maundu alisema. "Hakuna hata mmoja. Hao wawili wanawadanganya. Hiyo ni gogo tu walinitundikia hapo waniaibishe."

Mburu akawatazama mmoja mmoja. "Hii ni kesi ya nyumbani. Mafuta yangu yanaungua. Nani atasema ukweli?"

"Mwenye mti apande asikilize," Musembi aliamua. "Kusikiliza sio kugusa. Akisema hakuna, mimi nakata."

Maundu alikuwa ameingojea nafasi hiyo tangu alipozaliwa. Alivua viatu. Alipanda ngazi, kisha tawi kwa tawi, mwepesi, goti limesahau, mpaka akafika kwenye lile tawi lililolala kuelekea mtoni. Akalala kifudifudi juu yake, akasogea, akaweka sikio karibu na ubavu wa mzinga.

Kimya. Hata mchwa hakuwemo. Harufu ya nta na majani tu, na kivuli cha baridi ambacho huko chini hakikufika hivyo.

Alifungua mdomo awaambie. Lakini mkono aliokuwa amejishikilia nao ulikuwa umelala ndani ya mfereji. Aliutazama. Ni yale makovu, pete juu ya pete. Kamba zilikula gome, gome likapona, kamba nyingine zikaja zikala palepale. La juu, jembamba, alilijua: kamba za baba yake zilikuwa za katani, zilizosokotwa kwa nyuzi tatu. La chini yake lilikuwa pana zaidi, la mtu mwingine. La tatu gome lilikuwa limelimeza karibu lote. Kidole chake kiliingia humo mpaka kwenye kiungo cha kwanza.

Chini, Mburu alidhani watu waliopanda miti hawasikii. "Akishuka," alimwambia Musembi, "tutaongeza hilo shimo. Hana pa kwenda huyu. Ameshakula ya kwanza. Hata tukimpa nusu atasema asante."

Maundu akatazama chini. Na alichokiona kilikuwa cha kuchekesha, tena kibaya. Kutoka pale juu nchi yote ilikuwa nyeupe kwa jua, kilima mpaka kilima, mioshi ya matanuru ya makaa ikisimama hapa na pale, na katika weupe wote huo kulikuwa na doa moja jeusi la kivuli. Wote walikuwa wamejibana ndani yake. Mbuzi walikuwa ndani. Mkewe alikuwa ndani, amejishika viwiko. Musembi alikuwa ndani na msumeno wake. Canter ilikuwa imesogezwa mpaka pua yake ikaingia ndani. Mburu mwenyewe, aliyekuja kuukata, jua lilipohama alihama nalo hatua moja, bila hata kuacha kuongea. Na katikati ya kivuli, ikiwa imeegemezwa kwenye shina ili nailoni isiyeyuke, ilikuwapo pikipiki.

Ni lipi lililomgeuza? Mwenyewe hajawahi kulisema. Pengine ni kidole, pengine ni ile nusu ya bei. Mwanadamu akigeuka haachi stakabadhi.

"Wewe!" Mburu aliita. "Umelala? Kuko na nyuki ama hakuna?"

"Wamo."

Urbanus alimwinulia shemeji yake macho kama mtu aliyesikia beberu akisalimia.

"Si umesema hakuna?"

"Nilisema nikiwa chini."

"Mbona hawatoki?"

"Jua kali, wametulia. Washa mashine, watatoka wakuamkue."

Musembi hakungoja ushauri wa pili. Alikuwa ameshaufunga msumeno kwa gunia. "Bosi, twende. Msumeno na nyuki mimi nimeona Kithimani. Mtu alitibiwa akiwa hajulikani ni nani."

Maundu alishuka polepole sana, jinsi anavyoshuka mtu asiyetaka kuwaamsha waliolala. Kalunde alimshikia ngazi.

"Pesa yangu," alisema Mburu.

"Utapata. Pikipiki inarudi dukani kesho."

"Na ikipungua?"

Maundu akaangalia mbuzi. Mbuzi, ambao hujua mambo haya mapema, wakasogea upande wa pili wa mti.

*

"Walahi, Maundu," Asli alisema kesho yake, akiizunguka pikipiki mbele ya duka lake la Tala. "Hii imeenda Kivaa mara moja na imezeeka kushinda punda. Hapa umeianika? Hapa umegonga nini?"

"Goti."

"Nailoni pekee ndiyo mzima." Akaiziba simu kwa kiganja, maana alikuwa anaongea na mtu mwingine pia. "Uliuza nini ununue hii?"

"Mti."

"Mti gani? Ule wa ukwaju wa Mama Mumbe?" Asli aliikata simu. "Na mimi ningefuturisha watu na nini, oili ya injini?"

Wateja walicheka, na Maundu akasimama katikati ya kicheko hicho akichezesha goti. Asli alikata kidogo kwa ajili ya mikwaruzo, akahesabu kilichobaki, akamtwika na ujumbe kwamba magunia yanayofuata yaje makavu. Kilichopungua kwa Mburu kilizibwa na mbuzi wawili. Mburu aliwakagua meno, akalalamika kwamba nao walikuwa na shimo ndani, akawapakia.

Boma likabaki na mti, na mzinga, na uongo mmoja.

Kwao mtu anaweza kudanganya kuhusu umri wake, na kuhusu mahari, na kuhusu alilala wapi. Kuhusu mzinga, hapana. Habari ilikuwa imeshazunguka soko: Kithumula kina nyuki, Maundu amewasikia kwa sikio lake. Watu wakimkuta njiani walimuuliza, "Nyuki wako aje?" naye akajibu, "Wazuri." Urbanus alimwuliza zaidi ya wote, kila siku, kwa sauti kubwa, mbele za watu. "Shemeji, wamezaa?"

Basi Maundu hakupata utulivu tena. Aliweka sufuria ya maji chini ya mti na kokoto ndani yake ili nyuki wasizame, na maji yenyewe yalitoka mbali, mgongoni mwa punda wa kukodi. Aliwafukuza mbuzi wasiyanywe. Alimwomba Urbanus nta, akaomba kwa adabu, na Urbanus akamfanya aombe mara mbili. Wacuka alipokuja na tepu yake, Maundu alimshikia ncha nyingine, akamwambia kamba ya juu ilikuwa ya baba yake, ya pili ya mtu asiyemjua, ya tatu hata gome limesahau. Wacuka aliandika yote. Akauliza, "Na hii mpya?"

"Ya wakwe," Maundu alisema, akikohoa.

Mwezi wa kumi migunga ya mtoni ilichanua, myeupe, bila hata wingu kuiahidi kitu. Redio ilisema mvua kubwa inakuja. Hakuna aliyeijibu.

Asubuhi moja Kalunde alimkuta mumewe amesimama chini ya tawi, shingo nyuma, mkono umeinuliwa kumzuia asikanyage majani makavu. Akasimama alipokuwa. Juu, mbele ya tundu la mzinga, kulikuwa na nyuki. Mmoja tu. Alitua, akatembea ukingoni, akapita juu ya ile mistari miwili na nukta kama mtu anayesoma jina mlangoni. Akaingia.

Wakangoja, vichwa vikigusana.

Akatoka. Akazunguka mzinga, akarudi tena mlangoni, akasita, kama mnunuzi anayeonyeshwa kiwanja na mabroka wa Mavoko.

"Huyo," Maundu alinong'ona, "ni wa ukoo wenu ama wetu?"

"Nyamaza," Kalunde alimwambia, akimshika mkono. "Asijue kwa hii boma kuna ugomvi."